Mguu wa Kushoto

Miaka ishirini na sita nimeketi kiti cha abiria,
miguuni pangu breki ya pili,
kazi yangu kuwazuia watu.
Tudor, Makupa, Buxton, kisha Tudor tena:
"Polepole. Kioo. Polepole, mwanangu,"
na herufi L iliyopauka kwa jua juu ya paa.
Niliwatungia hata shairi, baya, lakini halisahauliki:

    Breki ni ya kusimama,
    mafuta ni ya kwendea;
    guu moja la kulia
    viwili latumikia.

Nuswaiba alizima injini mara kumi na moja
siku yake ya kwanza. Alilia.
Nikamnunulia kachiri za pilipili
akapata sababu nyingine ya kutoa machozi.

Sasa anaendesha kreni bandarini,
anashusha makontena kama mtu anayelaza mtoto,
na Jumapili hii, baada ya alfajiri, amenijia na gari la kijivu,
la chini hivi kwamba niliingia magoti kwanza.
"La mkopo," akasema. "Miaka mitano." Hakuona haya.

Dongo Kundu, kipande cha lami kisichofunguliwa bado.
Mlinzi, Mwachande, akasogeza pipa
kwa sharti moja tu, kwamba atazame.

"Kaa kulia leo, Mwalimu."
Kuna kitufe. Kuna taa ndogo inayogeuka nyekundu.
Wenyewe wanaiita lonchi.
"Mguu wa kushoto, breki, mpaka chini.
Wa kulia, mafuta, mpaka chini."
Vyote viwili?
"Vyote viwili."
Na lile shairi?
"Lisamehe."

Mshale ukapanda elfu nne ukaganda hapo,
gari zima likitetema kama mfuniko wa sufuria.
"Sasa achia breki."

Lakini mguu wangu wa kushoto ni wa klachi.
Umelelewa kuaga taratibu,
kama mgeni anayetoka chumba cha mgonjwa.
Nikaachia kwa adabu.
Gari likasita, likaghairi,
likajikokota kama bajaji yenye abiria sita.

Nuswaiba hakucheka.
Akasema kwa sauti yangu, yangu hasa, na kikohozi chake:
"Tena, mwanangu. Hakuna aliyezaliwa dereva."

Tena.
Kitufe. Taa. Breki. Mafuta.
Nikaung'oa mguu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto

na kofia yangu ya vito ikabaki palepale ilipokuwa
ila mimi nimeshaondoka.
Mashavu yakayafuata masikio.
Kiti kikanikamata mgongo, kikanidai
kila klachi niliyowahi kuiachia kwa huruma.
Nilianza Bismillahi;
nilipofika Bis
vigingi vya njia vilikuwa vimeungana kuwa ukuta,
na tumbo langu lilikuwa bado kule nyuma
likizungumza na Mwachande.

Sekunde nne. Labda tano.
Sikuhesabu, nilikuwa nacheka,
kicheko chembamba nisichokijua,
cha mvulana fulani wa Kibokoni
aliyekatazwa baiskeli.

Nikasimamisha.
Kule nyuma mlinzi amekuwa njiti ya kiberiti, mikono kichwani.
Nikamgeukia Nuswaiba nimshukuru
na ndipo nikauona mguu wake:
umekandamiza sakafu, umekakamaa hadi gotini,
pale pale ambapo breki yangu
ingekuwa.

Hatukuongea mpaka Miritini.

Jumatatu, saa mbili, kigari changu, Makupa.
Mwanafunzi mpya, Shee Twaha, kijana wa miwani,
anatetemeka na gia ya kwanza,
nyuma yake honi, mbele yake pengo
la kutosha, la kutosha kabisa.
Nikafungua mdomo niseme polepole.

Neno likachelewa kidogo.