Upindo

Baba, nimeketi. Taa ya cherehani inatosha.
Watoto wamelala, Barabara ya Kumi na Saba imenyamaza
isipokuwa kengele ya baiskeli moja iliyochelewa kwao.
Daftari liko wazi, ukurasa wa Septemba.
Nakusomea mwenyewe kabla hujaniuliza.

Sare za shule, kumi na nne: laki mbili na themanini elfu.
Mapazia ya mwalimu Hoza: amelipa nusu,
nusu ataleta mambo yakikaa sawa.
Nimeandika nusu. Ahadi siihesabu tena kuwa fedha.

Wewe unakumbuka mwaka juzi,
kiinua mgongo cha Yeremia kilipotoka,
miaka thelathini na mmoja ya kupakia katani bandarini.
Akaja kijana mwenye tai na Biblia ya zipu,
akasali kwanza, akasali kutushinda,
kisha akasema: wekeni milioni mbili,
mvune nne baada ya siku arobaini.
Arobaini, Baba! Alichagua namba yako.
Siku ya arobaini na moja simu yake haikuita.
Kiinua mgongo kikatuinamisha.

Ikaja ada ya Damari, wakaja wa kausha damu,
wakabeba redio, wakabeba jiko,
wakaitazama cherehani hii
nikaikingia kifua.
Mwezi ule nilifungua bahasha ya zaka.
Elfu kumi na nane. Sikukuambia; ulikuwa unaona.
Jumapili kapu lilipopita nilitia mkono
nimeufumba, usionekane mtupu.

Nilidhani toba ni kulia. Kumbe nayo ina hesabu:
deni lako liko hapa juu kabisa, kwa wino mwekundu,
nimelipa elfu sita, bado kumi na mbili.

Aliyenifundisha si mhubiri. Ni sketi.
Mama mmoja wa Makorora alirudisha ya bintiye:
mwaka haujaisha imeshakuwa fupi,
na ndani hukuacha kitu.
Nikaipindua. Kweli. Nilikata hadi ukingo,
nikijibania faida ya vidole vinne vya kitambaa.
Usiku ule nikaiona nyumba yangu imeshonwa vivyo hivyo,
kila shilingi imekatwa hadi ukingo,
na mtoto anakua.

Tangu hapo kinachoingia nakipinda kwanza.
Kidole cha kwanza chako.
Cha pili cha kikundi cha Jumatano,
hisa elfu mbili, sanduku la kufuli tatu,
funguo kwa wanawake watatu wasiopatana.
Cha tatu ni michungwa, nusu eka kule Muheza.
Shemeji anacheka: utakula mwaka wa nne?
Namjibu, miaka minne itapita hata nisipopanda.
Cha nne hakina jina. Ni cha homa, cha mgeni,
cha mvua ikija na bati la watu.

Yule mtumwa aliyefukia talanta ya bwana wake
zamani nilimwona mvivu.
Siku hizi namhurumia;
huenda naye aliwahi kutapeliwa.
Lakini nisaidie nisiwe yeye.

Limebaki la Yeremia. Kila Jumamosi
hujaza mkeka wa mpira, mia tano,
akidhani sijui.
Sikumkemea. Nimemwandikia tu, Jumamosi zote nne,
katikati ya uzi na vifungo: Y., mpira, mia tano.
Juzi alifungua daftari akitafuta kalamu.
Alikaa nalo muda mrefu kwa mtu anayetafuta kalamu.

Salio: elfu tisa na mia nne.
Nimehesabu mara tatu,
na mezani zipo elfu tisa na mia tisa.
Iliyozidi ni sarafu moja,
imeviringishwa ndani ya mkeka
ambao haujajazwa.

Naiandika wapi, Baba?
Nimeacha mstari mmoja wazi.