Dakika Kumi na Mbili

Kutoka Skarvnes hadi Hestvika,
ukilaza rula juu ya ramani,
ni kilomita arobaini na saba.
Ndege yetu ya propela mbili
huumaliza umbali huo kwa dakika kumi na mbili,
kumi na tano upepo ukitoka mashariki.
Mhudumu hana hata wakati wa kahawa:
hupita na bakuli la peremende,
hajafika safu ya tano, magurudumu yamegusa chini.

Kwa barabara ni mia mbili themanini na moja.
Unaizunguka ghuba, unaipanda nyika isiyo na mti,
unangoja kwenye kizuizi lori la kufagia theluji
likuongoze, taa nyuma ya taa.
Mwendo wa saa tano, njia ikiwa wazi.
Januari, usiulize.

Uwanja mzima tuko watu wanne.
Basi mimi, Aslaug, nakata tiketi, napima mizigo,
nakupekua mfukoni ingawa mkeo ni binamu yangu,
kisha navaa kizibao cha manjano
naenda kuyanyunyizia dawa mabawa yaliyoganda.
Jioni najaza daftari:
imeondoka saa tatu na dakika nne,
imetua saa tatu na kumi na sita.
Miaka ishirini na miwili ya kumi na mbili, kumi na mbili.

Kule Hestvika anakaa Oddny,
tumbo moja, ziwa moja.
Tuligombania nyumba ya mama.
Hapana, si nyumba.
Tuligombania nani alikuwepo chumbani
usiku ule mama alipokata roho,
na nani alisema njia imefungwa
siku ambayo ndege iliruka.
Miaka tisa. Hiyo sina rula yake.

Mwezi wa pili rubani akanishushia chungu
kilichofungwa taulo la bafuni.
"Dadako kasema kisilazwe."
Barua hakuna. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko:
moto.
Supu ya chewa, nikainywa wima
kando ya mashine ya kukagua mabegi,
haina chumvi, kama apikavyo siku zote,
nikaimaliza.

Chungu nikakiosha. Hakirudishwi kitupu, hilo najua,
ila cha kutia ndani sikukiona.
Kikakaa wiki tatu kwenye rafu ya vitu vilivyopotea,
kati ya glavu moja na meno ya bandia.

Hatimaye nikatia jamu
ya yale matunda ya kinamasi, rangi ya chungwa,
tuliyokuwa tukiyachuma na kupigana mbu.
Ndege ikaondoka saa tatu na nne.
Juu ya Hestvika ikazunguka mara mbili,
theluji imeufuta uwanja kama chaki.
Nikaandika: imetua saa tatu na arobaini na moja,
na palipotakiwa jina la kituo
nikaandika Skarvnes.

Chungu kikashuka ngazi mikononi mwa rubani.

Abiria sita, basi moja.
Nikaorodhesha majina sita,
Halvdan nikamwachia funguo, daftari na kizibao,
nikaandika la saba.

Dereva akakitazama chungu mapajani mwangu.
"Hicho kitapoa kabla hatujafika."
"Kilishapoa," nikasema. "Endesha."