Jiwe la Nusu Kilo

Saa kumi na moja alfajiri mwili unaamka kwenda kazini,
mimi nabaki kitandani nikiubembeleza:
tulia, tumestaafu, huu ni mwaka wa tatu.
Hausikii. Unatafuta soksi.

Natoka nje na mswaki mdomoni.
Kayenze bado ina giza la buluu,
karabai za dagaa zinarudi pwani moja moja
kama mji uliochoka kuwa mji.
Mbuke alishaamka, anafagia.
Akinifikia ananizunguka na ufagio wake
kama anavyolizunguka lile jabali la uani
ambalo babu zake walishindwa kulisogeza.

Miaka thelathini na mmoja nilikagua mizani.
Kirumba, Magu, Sengerema, Nansio,
nikishuka na kisanduku cha mawe ya shaba,
maduka yakikohoa kabla sijafika.
Niliona nta iliyobandikwa chini ya sahani,
springi iliyolegezwa,
kidole gumba cha muuza nyama.
Wakaniita Bwana Pungufu.
Siku ya kuniaga nilipewa mabati ishirini, saa ya ukutani,
na hotuba iliyopimwa kwa macho.
Jiwe moja la nusu kilo nilisahau kulirudisha.
Nasema nilisahau.
Sasa linakandamiza karatasi dirishani
upepo wa ziwa ukija.

Siku za huku hazina tarehe.
Kuna siku ya kupalilia,
siku ya kuanika michembe juu ya mawe
na kuwafukuza mbuzi wa Lubango, ambao hawafukuziki,
na siku ambayo simu inalia mlio mfupi
Mbuke akauliza, "Imeingia?"
Ikiingia, tunakunywa chai ya maziwa.
Isipoingia, tunakunywa chai ya maziwa, ya mkopo.

Mwezi uliopita waliniita mjini nikahakikiwe
kwamba niko hai.
Nilivaa koti. Nikapanga foleni na wenzangu walio hai,
walimu, manesi, dereva mmoja wa treni
aliyezungumza kana kwamba injini bado inanguruma.
Kijana akakibonyeza kidole changu kwenye kioo mara nne.
"Mzee, alama zimefutika. Unalima?"
Nikasema nalima.
Akanitazama usoni, akatazama karatasi, tena usoni,
kama mimi zamani nilivyotazama mshale unaotetemeka
kabla haujaamua.
Akaandika: yupo.

Mama Ngolo anauza dagaa kwa kopo,
nusu kilo, anavyodai,
kopo ambalo kitako chake kimebonyea kwa ndani.
Nililiona siku ya kwanza.
Zamani ningeondoka nalo, na jina lake kwenye daftari.
Sasa nanunua nimeuma meno,
naye akishapima anachota tena kwa kiganja,
"Nyongeza hiyo, mzee,"
anamwaga,
halafu kiganja cha pili, bila kusema kitu.

Jumanne moja, Mbuke akiwa msibani,
nikafunga mlango.
Nikaning'iniza ufito kwa kamba, ungo huku, ungo kule,
jiwe la serikali upande mmoja, dagaa upande wa pili.
Kopo peke yake lilipunja, kama nilivyojua.
Nikaongeza kile cha kiganja.
Ufito ukainuka, ukasita,
ukalalia upande wa dagaa
kwa uzito wa yai la kanga.

Nilikaa sakafuni.
Mtu anakupunja kwa kopo
akakulipa kwa kiganja, na riba juu;
kitabu cha sheria hakina ukurasa wa jambo hilo.
Nilikata faini ngapi, miaka yote ile,
nikaondoka kabla ya kiganja cha pili?

Mbuke akarudi, kanga bado kiunoni,
akaukuta ufito unaning'inia sebuleni.
Hakuuliza. Aliusukuma kwa kidole,
ukapanda, ukashuka.
"Huu," akasema, "tuanikie shuka."
Akalitwaa jiwe, akalipima mkononi,
akalirudisha dirishani, juu ya karatasi
isemayo kwamba nipo.