Kikohozi cha Onzima

Kanda ni ya dakika sitini. Upande wa kwanza wino umefifia,
upande wa pili nilichora ua, nikiwa darasa la tatu.
Tulirekodi chumba cha nyuma, Arua, mtaa wa Oli,
kwa redio moja iliyokalishwa juu ya gunia la ufuta,
mablanketi madirishani, kuku wamefungiwa jikoni.
Baba akasema: Asiyeweza kunyamaza, atoke.
Mama akatoka na kichanga mgongoni.
Mimi nikabaki, nimeuma upindo wa gauni.

Adungu ya nyuzi tisa. Wimbo mzima, mara moja.
Kukosea kulikuwa kuanza upya, na betri zilikuwa nne tu,
tulizianika juani kama dagaa, zipate kuamka.
Kwenye ubeti wa tatu, pale anapomtaja shemeji
aliyeahidi ng'ombe akaleta mbuzi,
baba akakohoa.
Vidole havikusimama,
kama mtu aliyejikwaa akajifanya hakuona jiwe.

Kwa kanda hiyo tulikula, tukasoma.
Nilikaa kibandani sokoni, redio mbili zikitazamana,
moja ikimimina, nyingine ikimeza,
na aliyetaka nakala alisubiri urefu wote wa wimbo.
Utepe ukitafunwa niliuchomoa polepole,
nikaurudisha kwa kalamu ya biki, jino kwa jino.
Malori ya Ariwara yakaondoka na kikohozi chetu.
Mteja mmoja wa Paidha alikuwa akikohoa naye, palepale,
akidhani ndivyo wimbo unavyoimbwa.

Zikaja sidii, nikanunua mashine ya kuchoma.
Zikaja kadi ndogo kama ukucha:
nyimbo mia tatu, shilingi elfu mbili, na mtu anasema
weka zozote.
Zozote!
Kisha hata mimi sikuhitajika. Wimbo ukapita juu ya bati langu
kwenda mfukoni mwa mtu, na kampuni ya simu ikachukua chenji.
Sasa kibandani nauza chaja.

Ezati, mtoto wa dada yangu, ana studio:
kompyuta moja, trei za mayai ukutani,
adungu mia ndani ya kibodi, na hana hata moja msumarini.
Akaniomba kanda. Akamtandaza baba kwenye kioo,
sauti yake ikawa vilima, kama Mlima Wati uliochorwa na mtoto.
"Shangazi, hii hapa takataka," akanyoosha kidole,
akabonyeza.
Nikasikiliza. Wimbo safi, safi kama sahani za wageni,
na chumbani hamna mtu.
Nikasema, rudisha.
Akacheka, akabonyeza tena, na kikarudi, kizima.
Hilo nalikiri. Enzi zetu kilichofutwa kilikuwa kimefutwa.

Lakini kijana hakuishia hapo.
Alikikata kile kikohozi, akakirudufu, akakipanga:
kho, kho-kho, kho,
akakitia ngoma chini na besi ya kutikisa vikombe.
Wiki tatu tu. Watoto kuanzia hapa mpaka Gulu
wanajirekodi kwa simu, mkono kifuani, mabega yanaruka.
Wanauita Mtindo wa Kifua.
Nani awaambie kwamba mwaka uliofuata ile kanda
kifua hichohicho ndicho kilichomzika?
Nilitaka kugombana na Ezati. Akanionyesha idadi ya waliosikiliza.
Nikaitazama, nikaitazama tena. Kanda zangu zote,
miaka yote ile, zisingejaza hata kona yake.

Juzi, harusini kwa akina Draru, spika zimepangwa kama magunia,
wakaupiga. Uwanja mzima ukashika kifua.
Mama yuko kwenye kiti cha plastiki, masikio yake ya miaka themanini
hayashiki hata jina langu nikimwita.
Kho, kho-kho.
Akageuza kichwa.
Karibu naye mtoto wa jirani alikuwa akilia.
Mama akainuka, akambeba,
akatoka nje taratibu,
kama alivyoambiwa.