Fundo la Sale

Mtihani wa kipaimara, swali la nne:
Upatanisho ni nini?
Niliandika nilichokaririshwa,
mwinjilisti akaweka vema kwa kalamu nyekundu,
nikafaulu, nikavaa nyeupe,
nikashuka ngazi za kanisa la Mwika
sijui kitu.

Huku kwetu sale hupandwa mpakani.
Kihamba chako kinaishia lilipo,
na anayeling'oa
anang'oa neno la waliolala chini ya migomba.
Baba yangu aliling'oa.
Masika ya themanini na nne, usiku,
mvua ikificha sauti ya jembe,
akasogeza safu nzima hatua sita
upande wa mdogo wake.
Miche kumi na saba ya kahawa
ikaamka asubuhi ina mwenyewe mwingine.

Kahawa ile ndiyo iliyonisomesha.
Mwandiko huu ilinunua yenyewe.

Baba mdogo Ndekirwa hakwenda kwa mjumbe.
Alihesabu miche, akanyamaza.
Mwaka uliofuata Ndeshukurwa wake, rika langu,
aliacha shule kidato cha pili.
Tukawa tunapishana kwenye mfongo,
mimi na madaftari, yeye na ndoo,
tunasalimiana kama watu wa tarafa mbili.

Kisha damu ikampanda baba kichwani.
Upande wa kulia ukafa, ulimi ukaufuata;
likabaki jicho moja
linalotaka jambo tusilolijua.

Mila yasema: mkosaji avunje jani la sale,
alifunge fundo, alipeleke kwa aliyemkosea,
na aliyekosewa, akishaliona,
hana ruhusa ya kukataa.
Sawa. Na mkosaji asiyeweza kusimama?
Mkosaji ambaye mkono wake ni gogo?

Jumamosi moja, mlima umejifunika,
nikasikia kikohozi uani.
Ndekirwa. Viatu vimejaa tope la mpaka uleule.
Mkononi jani, lina fundo.
Nikamwambia, nusura nimkaripie:
Baba mdogo, wewe ndiye uliyekosewa,
hilo unampelekea nani?

Hakunijibu. Aliinama kitandani,
akafungua vidole vya baba kimoja kimoja
kama anayeambua kunde,
akaliweka jani ndani, akavifumba.
Akakaa. Kuku aliingia, akazunguka, akatoka.
Halafu akanyoosha mikono yake yote miwili,
vile kitu cha heshima kinavyopokewa,
akalitoa jani katika mkono aliouwekea mwenyewe,
akasema:
"Nimelipokea, kaka."

Sikutazama jicho lile. Nilitoka nje nikakoka moto
ambao haukuhitajika.

Tumeshamzika baba. Mimi nafundisha dini darasa la sita.
Nawaambia watoto: kafara ni kufunika,
fidia ni bei,
na nikifika hapo chaki husimama.
Maana haikufutwa ile bei, kama hesabu ubaoni.
Hatua sita kwa miaka thelathini na moja
ni sare, ni uji, ni jino la bibi lililooza
akisubiri mavuno yaliyokuwa kwetu.
Kuna mtu aliibeba yote, akapanda nayo kilima,
akaja kuniombea samahani yake mwenyewe
kwa jina la baba yangu.
Kama hivi ndivyo Mungu alivyofanya,
basi sikuwahi kulijibu swali la nne.

Lakini Ndeshukurwa.
Yeye hakuwapo siku ile, wala hakuna aliyemwuliza.
Anauza ndizi Kiboriloni, karibu na mitumba.
Ananiuzia bei anayouzia kila mtu,
ananirudishia chenji kamili.

Leo nimevunja jani.
Fundo nimelifunga mara tatu njiani, linafunguka;
vidole vyangu vimezoea chaki.
Amekwisha kuniona. Anapanga chane upya
ingawa zilikuwa zimepangika.
Mbele yangu kuna mteja mmoja tu,
anabishania shilingi mia mbili.