Friza Namba Tatu

Kesho unakabidhi funguo, Dokta Nolvia,
na mimi Sixto, mwosha mavi wako wa miaka ishirini na tisa,
nimeombwa niseme machache mbele ya keki.
Sitayasema kule. Nayaandika hapa,
mgongoni mwa bahasha za sampuli,
upepo wa Porvenir ukibisha batini kama mdai.

Ulikuja na shahada ya lishe ya kondoo.
Uliyajua matumbo yake manne
kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba aliyozaliwa.
Wenye mashamba walikuvulia kofia,
hasa Yerko Simunovic, aliyelipia gari, mafuta,
na mshahara wangu.
Alitaka jibu moja tu: guanako,
huyu binamu wa ngamia asiye na nundu,
anakula nyasi za nani?

Tukayafuata mavi majira ya baridi.
Vidonge vilivyoganda nilivivunja kwa nyundo,
nikavichemsha, nikavichekecha, nikakutandikia vioo,
nawe ukaiinamia hadubini
hadi jicho la kushoto likasahau kufumbuka.
Kila jani, ulinifundisha, lina ngozi yake,
na ngozi hiyo haimeng'enywi:
mnyama hawezi kukana alichokula.
Tukasoma: koironi, koironi, koironi.
Nyasi za kondoo.

Makala ilikuwa na kurasa kumi na moja.
Amri iliyozaliwa nayo, mstari mmoja.
Malori yakaanza kupita usiku kwenda kivukoni,
yakidondosha njiani kitu cheusi
ambacho asubuhi mbwa walikilamba.
Wewe ukatunukiwa saa ya ukutani
iliyochongwa jina lako, na herufi moja walikosea.

Mavi ya kale hayanuki, husema watu.
Watu hao hawajakatikiwa umeme Januari,
kiangazi cha huku kusini,
wakiwa chumba kimoja na friza namba tatu.
Siku ya pili maji yalipita chini ya mlango.
Ndani mlikuwa na mifuko niliyoijaza bila kutumwa,
kule vileleni, kiangazi kile cha kwanza,
nikitafuta malipo ya saa za ziada
ambayo hukunilipa.
Nikasema, "Soma, au nitupe."

Ulisoma.
Ndevu za miti ya lenga. Kuvu. Machipukizi ya msitu wa juu.
Koironi kidogo, kama chumvi kwenye mchuzi.
Ukabadilisha kioo. Ukabadilisha taa.
Usiku wa manane ukaniuliza bila kugeuka,
"Sixto, baridi ile, theluji ilifika wapi?"
Kiunoni, nikajibu. Iliwasukuma wote bondeni,
kondoo na guanako, waya mmoja katikati yao.
Ulikaa kimya muda wa chai kupoa.
"Basi nilihesabu msimu mmoja
nikauita mwaka."

Masahihisho yalikuwa kurasa mbili.
Wakubwa wa chuo walikushauri uandike "huenda".
Ukaandika "nilikosea".
Yerko akaja mwenyewe kuchukua gari,
na kwa kuwa alikwisha ingia ndani, akachukua na saa.
Duara lake jeupe liko ukutani mpaka leo;
wageni hudhani ni unyevu.

Miaka kumi na minne iliyofuata tulikwenda kwa miguu,
au kwa farasi wa kuazima asiyependa madaraja.
Masika, kiangazi, kipupwe, theluji, tena na tena.
Uliwahesabu wachanga, ukawapima uzito,
mmoja alikutemea mate usoni na ukaandika saa na dakika.
Hesabu moja tu hukuniruhusu kuipiga kwa sauti:
ya malori.
Najua uliipiga peke yako. Niliiona
kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la buluu,
vistari vitano vitano, kama mfungwa.

Yule binti mgeni, Anahí, atakayekalia kiti chako,
leo ameniuliza friza hii inakula umeme wa nini.
Sikumjibu. Nilimwonyesha mlango,
karatasi yako iliyokunjika pembe,
mwandiko umelala upande mmoja
kama majani yote ya kisiwa hiki:
*Majira yote manne. Usitupe.*