Kitara Cheupe

Sanduku lilisema: mkono wako ndio upanga.
Maandishi ya dhahabu, na mtoto anayecheka
ameruka juu kana kwamba sakafu imemwachilia.
Nilikuwa na miaka tisa. Niliyaamini masanduku.

Bibi Etelka alikipima kijiti kiganjani,
akakigeuza, akatafuta kikinga vidole, akakikosa.
"Ncha iko wapi?"
Nikamwonyesha runinga.
"Kule? Mita mbili kutoka mkononi mwangu?"

Miaka thelathini na mmoja alifundisha vitara
katika ukumbi nyuma ya kiwanda cha soseji, Szeged,
wasichana na alama zao za bluu mapajani,
harufu ya jasho na chuma kilichokwaruzwa.
Akasogeza meza. Akakunja zulia. Akavua ndara.
Akasimama: goti la mbele limekunjwa,
mkono wa kushoto kiunoni,
na sebule nzima ikaona haya kuwa na mapazia ya maua.

Mimi nilikuwa kwenye kochi, bakuli la mbegu za maboga tumboni.
Yeye hatua, hatua, mruko, pigo la kutoka begani;
mimi kifundo tu, tik,
kama anayefukuza nzi.
Tatu kwa sifuri. Tano kwa sifuri.
Kochi limemshinda kocha.

"Nimekinga," akasema. "Umeona nimekinga."
Nilikuwa nimeona. Kwenye kioo vyuma viligongana,
cheche zikaruka, kikaragosi chake kikasimama tisti.
Lakini mkono wake, usiozuiwa na kitu,
uliendelea kwenda, ukapita mahali pa chuma,
ukapita pigo lenyewe, ukafika ukutani karibu na saa,
peke yake,
kama mtu aliyeegemea mlango akidhani umefungwa.

Kijiti kikanguruma kidogo.
"Hili ndilo jibu lake?"
"Ndiyo, Bibi."
"Kinajibu kama paka aliyeshiba."

Baada ya muda kila kijiti hupotewa na kaskazini yake:
upanga unainama ilhali mkono umenyooka.
Mashine ikaandika: Kilaze mezani. Usikiguse. Subiri.
Tukakilaza kati ya kopo la sukari na dawa zake,
nacho kikajifunza upya maana ya kutulia.

Nilikuwa sijaambiwa dawa zile ni za nini.

Raundi ya sita hakushambulia.
Alisimama, kitara mbele, akinisubiri nikosee,
na ndipo mkono wa kulia ukaanza,
ule mtetemo aliozoea kuufunika kwa kitambaa cha jikoni,
na mashine, isiyojua kusudi wala ugonjwa,
ikahesabu: pigo, pigo, pigo, pigo.
Kikaragosi changu kikarudi nyuma hadi ukingoni mwa jukwaa
kikaanguka majini.

MSHINDI, ikasema, na tarumbeta juu yake.

Sikujua kama nicheke. Alikuwa akiutazama mkono
jinsi alivyowatazama wanafunzi waliochomoka kabla ya ishara.
Kisha akacheka yeye, mpaka akashika meza.
"Maisha yangu yote nawaambia watoto:
mkono usiseme unachotaka kufanya.
Sasa huu unabwabwaja mchana kutwa,
na duniani nzima kuna mjinga mmoja tu anayeuamini."

Tulicheza hadi betri zikaisha.
Alishinda mara kumi na moja, nyingine kwa kukusudia,
na nyingine hatukuulizana.

Baadaye alifungua kabati la koridoni,
akanipa kitara chake, kizito kuliko nilivyodhani,
akachukua mwavuli wa marehemu Babu.
"Shika. Si hivyo. Legeza bega."
Akapiga.

Ulikuwa mwavuli tu. Lakini ulikikuta chuma,
na chuma kikaniambia, kupitia kiganja, kiwiko, shingo,
mpaka kwenye meno:
upande wa pili yupo mtu.

"Umesikia?" akasema,
mwavuli ukitetemeka hewani.
Nikamwambia apige tena.